Eti Pennsylvania ilikuwa mali ya mtu mmoja?

SWALI: Mhariri shikamoo, pole na kazi. Kuna jamaa hapa kazini tunabishana naye tangu juzi, anadai Pennsylvania kule Marekani iliwahi kuwa mali ya mtu binafsi kabisa. Mimi nikamwambia acha uongo, makoloni yote 13 yalikuwa ya mfalme wa Uingereza. Tuamulie basi.

JIBU: Marahaba. Jamaa yako kakuweza. Mwaka 1681 mfalme Charles II alimpa William Penn eneo lote lile, na kilichosababisha ni deni, maana mfalme alikuwa anadaiwa pauni 16,000 na marehemu baba yake Penn aliyekuwa admirali, sasa hela hana ila ardhi ya ng'ambo anaiona ipo tele (yenye watu wake tayari, akina Lenape, ambao mfalme hakuwauliza kitu), basi akalipa kwa ardhi. Ushuru wenyewe aliotakiwa Penn kuupeleka kila mwaka ni ngozi 2 za biva (mnyama wa mtoni mwenye manyoya), pamoja na sehemu ya tano ya dhahabu na fedha ikipatikana. Hapo Penn akawa mwenye ardhi na mwenye serikali kwa wakati mmoja, yeye ndo anateua gavana, yeye ndo anauza ardhi, na ukishanunua bado unadaiwa kodi ya ardhi mwaka hadi mwaka.

Na hakuwa peke yake. Maryland ilikuwa ya ukoo wa Calvert tangu 1632, Carolina wakapewa mabwana 8 mwaka 1663. Virginia nayo ilianza 1607 chini ya kampuni ya watu wenye hisa London, watu wakafa kwa njaa na magonjwa, faida hamna, mfalme akaichukua mwenyewe 1624. Ndo maana hata wewe una haki kidogo, kwa sababu mengi yaliishia mikononi mwa mfalme, kufika 1776 yalikuwa 8 kati ya 13. Connecticut na Rhode Island hayo yalikuwa na hati zao na wanajichagulia gavana wenyewe, raha mustarehe.

Ila mimi naona ubishi wenu ungenoga zaidi mngeuliza nani alishika hela. Yaani hata gavana awe katumwa na mfalme au na mwenye koloni, kodi ilipitishwa na baraza la kuchaguliwa, na kwenye makoloni mengi mshahara wa gavana nao ulitoka hukohuko, kwahiyo akileta ubabe wanamkalia kimya na mshahara hauonekani. Pennsylvania ndo kulichacha, watoto wa Penn walitaka mashamba yao yasitozwe kodi hata wakati wa vita na Wafaransa, gavana wao kapewa maagizo asisaini sheria ya namna hiyo, baraza likachoka likamtuma mjumbe wake, Benjamin Franklin, London mwaka 1757 akawashtaki.

Umiliki wa hiyo familia ulikatwa mwaka 1779, jimbo likawalipa fidia ya pauni 130,000, na yale mashamba yao binafsi wakaachiwa.