Laptopu ya gemu kwa bajeti ndogo: soma chaja kabla ya kusoma i7

"Dada, hii ni i7. Inapiga gemu zote."

Niliambiwa hivyo Kariakoo, nikaamini, nikatoa laki sita. Nyumbani mdogo wangu alikuwa anasubiri, pedi ya USB ya kuchezea gemu iko mkononi tayari. Tukafungua GTA V. Gari linaruka badala ya kwenda, barabara inachelewa kutokea, majengo yanajichora mbele ya macho yetu. Tukashusha mipangilio yote ya picha mpaka chini kabisa, bado hali ikawa ileile. Dogo hakulalamika, alirudi tu kwenye simu yake, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Muuzaji hakudanganya. Prosesa yake, yaani ubongo wa kompyuta, ilikuwa Intel i7 kweli, i7-6600U ya kizazi cha 6. Nisichokijua siku ile ni kwamba prosesa hiyo ina viini (cores, sehemu zinazofanya hesabu) viwili tu, na imetengenezwa kwa ajili ya mtu wa ofisini anayeandika barua na kufungua barua pepe. Kwa Intel, mpaka kizazi cha 7, prosesa zote za laptopu zinazoishia na herufi U zilikuwa na viini viwili, hata ziandikwe i7. Vinne vilianza kuingia kwenye U na kizazi cha 8, mwaka 2017. Herufi ile ya mwisho ndiyo inayokuambia mashine imezaliwa kufanya kazi gani: U ni ya kubana umeme, kwa kawaida wati 15, H ni ya kazi nzito, wati 45. Kwa hiyo i5-9300H, yenye viini vinne, inaiacha mbali i7 yangu ya laki sita. Stika ya i7 inauza laptopu nyingi sana mjini kwetu. Ukiwa dukani usiishie kwenye stika. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ikifunguka nenda kwenye ukurasa wa Performance, usome jina zima la prosesa mpaka herufi ya mwisho.

Hapohapo chini utaona GPU, yaani kinachochora picha. Ukiona Intel HD 520 au UHD 620 peke yake, ujue mashine haina kadi ya picha ya kujitegemea. PES 2017 itacheza, GTA San Andreas itacheza vizuri, mengine ni kubembeleza. Unachokitafuta ni mstari wa pili, GPU 1, wenye jina kama GTX 1050 Ti, GTX 1650 au RTX 3050. Kwa mtu wa bajeti yangu, GTX 1650 ya GB 4, iliyotoka mwaka 2019, ndiyo ninayoipendekeza mpaka leo. Utaikuta ndani ya Acer Nitro 5, Lenovo IdeaPad Gaming 3, HP Pavilion Gaming na ndugu zao, na nyingi sasa zinapatikana zikiwa zimetumika.

Mwaka uliofuata nilinunua moja ya namna hiyo: i5-9300H, GTX 1650, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8, SSD (diski ya kasi) ya GB 256, kwa milioni moja pungufu ya elfu hamsini. Safari hii nilijipanga. Nilienda na flashi yenye GPU-Z, CrystalDiskInfo na HWiNFO, programu tatu za bure. GPU-Z inakuthibitishia kadi ni ile iliyotajwa. CrystalDiskInfo inakuonyesha diski imefanya kazi saa ngapi na afya yake ikoje. HWiNFO inakuonyesha joto. Nikaangalia bawaba, nikaangalia kama sehemu ya kugusia kipanya imeinuka (ikiinuka, mara nyingi betri imevimba chini yake, ondoka), nikajaribu kila kitufe cha kibodi. Nikawasha gemu kwa dakika tano. Safi. Nikalipa.

Usiku ule tulicheza dakika kumi hivi, halafu fremu, zile picha zinazochorwa kila sekunde, zikaporomoka. Kutoka zaidi ya 60 kwa sekunde mpaka ishirini na kitu. Ukiiacha ipumzike inarudi, ukicheza kidogo inaanguka tena. Nililala nikijua nimeibiwa mara ya pili.

Asubuhi nikaipeleka kwa fundi mmoja wa jirani, mzee mtulivu ambaye watu wa mtaa wanamwita Mjomba. Hakushika hata bisibisi. Aliniambia, "Mwanangu, nipe kwanza chaja." Akaigeuza, akasoma yale maandishi madogo ambayo hakuna mtu anayeyasoma: volti 19.5, ampea 3.33. Akaniambia nizidishe. Nikatoa simu, nikapata 65. Akageuza laptopu, akanionyesha kibandiko cha chini: volti 19.5, ampea 7.7. Nikazidisha, 150.

"Umeiletea mtu wa zege kikombe cha uji," akasema.

Mashine ilikuwa inadai wati 150, nami naipa 65. Pini inaingia bila shida kwa sababu chaja za ukubwa tofauti zinaweza kutumia pini ileile. Taa ya kuchaji inawaka. Windows inafunguka, unaangalia video, hakuna kinachokwama. Ukianza gemu, laptopu inachota pengo kutoka kwenye betri, na betri ikianza kupungua, au mashine yenyewe ikiona hapa pana hatari, inapunguza nguvu ya prosesa na kadi ili ijilinde. Ndiyo maana jaribio langu la dakika tano dukani halikuona kitu. Chaja ya asili inawezekana ilibaki nchi nyingine, au iliuzwa kivyake. Mimi sikujua kuiuliza.

Nilipata chaja ya wati 150 iliyotumika, na tatizo likaisha siku hiyohiyo. Tangu hapo huwa nawaambia wote wanaoniuliza: kabla hujauliza prosesa, geuza chaja. Volti lazima zilingane na za kibandiko cha laptopu. Ampea ziwe sawa au zaidi. Laptopu ya gemu ya daraja hili kwa kawaida huja na chaja ya wati 135, 150 au 180, nzito kama tofali dogo. Ukipewa chaja nyepesi inayoingia mfukoni, kuna jambo. Na jaribio la dukani liwe dakika ishirini za gemu, chaja ikiwa imechomekwa. Muuzaji mwenye mashine nzima atakupa hizo dakika ishirini.

Wati zina jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Jina la kadi peke yake halitoshi. RTX 3050 ya laptopu inaweza kupangwa na kiwanda kutumia wati 35 au mpaka 80, na kote imeandikwa RTX 3050. MX150, ile kadi ndogo ya laptopu nyembamba, ilitoka kwa namna mbili, ya wati 25 na ya wati 10, bila jina kubadilika. Kwa hiyo rafiki yako akikuambia yake inapiga fremu 70 na yako yenye kadi hiyohiyo inapiga 45, usiwahi kufikiri kwamba yako ni mbovu. Mashine nyembamba sana, hata ikiwa nzuri kwa macho, mara nyingi ndiyo iliyobanwa.

Sasa RAM, na hapa naomba mwenye laptopu ya ofisini anisikilize zaidi ya wote, maana ndiko anakoweza kuokoa kitu.

Laptopu nyingi za bei nafuu huja na kijiti kimoja cha GB 8 na nafasi ya pili tupu. Vijiti viwili haviongezi ukubwa tu. Vinafungua njia ya pili ya data. RAM ya aina ya DDR4 yenye kasi ya 3200 inapitisha GB 25.6 kwa sekunde kwa kijiti kimoja, na 51.2 kwa viwili. Kama una kadi ya kujitegemea, hii itapunguza tu mikwamo ya ghafla, kwa kuwa kadi ina kumbukumbu yake. Lakini kama picha zako zinachorwa na prosesa yenyewe, kumbukumbu yake ni hiyohiyo RAM unayoiona, na kijiti kimoja kinaikaba koo. Intel Iris Xe, GPU iliyo ndani ya prosesa, ni mfano mzuri: ikiwa na njia moja ya RAM, mashine yenyewe huitaja kuwa UHD Graphics, kama vile Iris Xe haikuwahi kuwepo. Ukiongeza kijiti cha pili, jina linabadilika na nguvu inakuja. Ryzen 5 5500U, prosesa ya AMD yenye GPU ya Vega ndani yake, ambayo kwa asiyeweza kufika kwenye GTX ni chaguo zuri kabisa, nayo inaishi kwa RAM. Vijiti viwili vya GB 4 vitaifaa katika gemu nyingi kuliko kimoja cha GB 8, na viwili vya GB 8 ndiyo raha yenyewe.

Ukurasa uleule wa Performance, ukibonyeza Memory, unaandika nafasi ngapi zinatumika. Angalia kabla hujanunua, maana laptopu nyingine RAM imechomelewa kwenye bodi na hakuna pa kuongeza.

Joto. Sisi wa Dar tunacheza kwenye chumba chenye nyuzi 30 na zaidi, vumbi la barabarani na chumvi ya bahari juu yake. Laptopu iliyotumika miaka minne bila kufunguliwa ina blanketi la vumbi kati ya feni na mapezi ya kutolea joto. Mjomba alipoifungua yangu alitoa kipande kizima, unaweza kukikunja. Akapaka pesti mpya ya joto kwenye prosesa na kadi, na prosesa iliyokuwa inagonga nyuzi 97 ikabaki 86 kwa gemu lilelile. Ukinunua iliyotumika, weka fedha ya usafi huo ndani ya bajeti tangu mwanzo, kama unavyohesabu nauli.

Halafu kuna mpangilio mmoja wa Windows usiohitaji fundi. Kwenye Power Options, mipangilio ya ndani, kuna mstari wa kiwango cha juu cha prosesa (Maximum processor state). Ukiutoa kwenye asilimia 100 ukaweka 99, prosesa ya Intel inaacha kujisukuma kupita kasi yake ya msingi. i5-9300H inashuka kutoka 4.1 mpaka 2.4 GHz. Unapoteza fremu kidogo, lakini joto linaanguka sana na feni inanyamaza. Mimi huuweka mchana wa Januari na Februari, usiku narudisha 100. Baadhi ya laptopu zimeuficha mstari huo, usishangae.

Mengine ya programu ni machache na nayataja haraka. Kwenye Graphics settings za Windows, chagua gemu lako na uliambie litumie kadi yenye nguvu. Nimeona watu wawili wakicheza miezi kadhaa kwa kadi ya Intel huku GTX imelala. Zuia fremu zisizidi 60 kupitia NVIDIA Control Panel, maana kioo cha 60 Hz hakiwezi kuonyesha zaidi na kila fremu ya ziada ni joto la bure. Ndani ya gemu, punguza vivuli kwanza, kisha nyasi, kisha MSAA (ulainishaji wa kingo za picha). Kwenye GTA V hizo mbili za mwisho ndizo zinazokula kuliko zote. Ubora wa sura za vitu (Texture Quality) uache juu kadiri GB 4 za kadi zinavyoruhusu, hapo ndipo uzuri ulipo. Ikibidi, shusha ukubwa wa picha (resolution) kutoka 1080 mpaka 900 kabla hujaharibu kila kitu kingine.

Kuhusu Windows: ya 10 iliacha kupata matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8. Anayetaka Valorant ajue kwamba kwenye Windows 11 gemu hilo linadai TPM 2.0 na Secure Boot, vipengele vya usalama vya kompyuta, viwe vimewashwa. Hiyo ni sababu nyingine ya kuziacha zile za kizazi cha 6 hata zikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Na bando. GTA V inazidi GB 100, na SSD yangu ya 256 ilijaa kwa gemu tatu. Niliongeza diski ya kawaida ya kuhifadhia yale ambayo hatuchezi wiki hiyo. Lakini kilichotuokoa hasa ni Steam yenyewe: tangu mwaka 2023 inaweza kuchukua gemu kutoka kompyuta nyingine iliyo kwenye mtandao mmoja badala ya kulishusha upya. Binamu yangu mwenye faiba nyumbani kwake hushusha, mimi huenda Jumamosi na laptopu, nanyonya kutoka kwake kwa waifai, na hakuna hata GB moja ya bando langu inayoguswa kwa kazi hiyo. Inabidi yeye aruhusu kwenye mipangilio yake ya Steam, na wewe uwe na gemu hilo kwenye akaunti yako.

Umeme ukikatika katikati ya mechi, mashine hizi zinashuka nguvu zenyewe kwa kuwa betri haiwezi kutoa wati za chaja. Hifadhi ulipofika, zima, subiri. Umeme ukirudi, ngoja dakika chache kabla hujachomeka chaja ya bei kubwa, kwa sababu ule wa mwanzo huja na mruko.

Ile i7 ya laki sita ipo bado. Niliiongezea kijiti cha pili cha RAM, nikaiwekea Linux, na sasa mama anaandikia hesabu za duka. Ya gemu iko mezani, nyuma imeinuliwa kwa vifuniko viwili vya chupa ya maji ili ivute hewa chini, na dogo amebandika karatasi kwenye chaja, ameandika kwa kalamu nyekundu: 150 W, USIGUSE.