Una figo moja na mkojo umekuwa kama chai ya rangi? Tazama na choo

Nilitolewa figo ya kushoto mwaka 2016, mawe yalikuwa yameshaiharibu yote. Miaka mitano baadaye, alfajiri moja, nikaona mkojo wangu umekuwa kama chai ya rangi iliyokolea majani. Nikasema basi, na hii iliyobaki imekwisha. Nikanywa jagi zima la maji, mkojo ukabaki vilevile. Siku mbili nilikaa na hofu hiyo peke yangu, mpaka mke wangu akanivuta dirishani: "Baba watoto, hebu nitazame. Mbona macho ya njano?" Ndipo nikaanza kuunganisha. Choo changu kilikuwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi, na viganja na nyayo vilikuwa vinaniwasha usiku kucha.

Kijiwe kilikuwa kimetoka kwenye mfuko wa nyongo kikaziba mrija unaoipeleka nyongo utumboni. Nyongo ndiyo inayokipa choo rangi. Ikikosa njia hurudi kwenye damu, macho yanageuka njano, na rangi yake hutokea kwenye mkojo. Kwa hiyo ukiona mkojo mweusi, tazama na choo: kikiwa cheupe, ini na nyongo vipimwe upesi. (Mtaani manjano haya tunayaita homa ya manjano, lakini hiyo ni nyingine, huletwa na mbu.)

Ila usidhani figo imesalimika. Nyongo ikijaa katika damu huumiza vijirija vya ndani ya figo, na ukitapika na kushindwa kula, mwili hukauka maji na presha hushuka. Mwenye figo mbili naye yumo hatarini. Yetu hii, ingawa hukua kidogo ikabeba sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake, haina akiba. Kreatinini yangu, taka ya damuni inayoonyesha figo inavyochuja, ilikuwa imepanda. Mrija ulipozibuliwa, kwa mpira wa kamera unaopitishwa mdomoni, ikashuka siku hadi siku.

Kosa langu lilikuwa diklofenaki. Maumivu chini ya mbavu za kulia niliyachukulia kuwa tumbo tu, nikameza vidonge siku tatu. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu iendayo kwenye figo, na mimi nilivimeza wakati figo inazihitaji nguvu zake zote. Jirani naye alileta chupa ya mizizi ya kusafisha ini. Nilimshukuru kwa moyo wake, sikuinywa.

Ukifika hospitali, neno la kwanza liwe "nina figo moja". Mwambie anayekupokea, anayekuchoma sindano na anayekupiga picha, maana dawa inayochomwa mshipani kwa picha ya CT hutolewa na figo. Kovu langu liko ubavuni, chini ya shati. Hakuna aliyeliona mpaka niliposema.

Na homa ya kutetemeka ikiingia juu ya manjano, usingoje kupambazuke. Tafuta bajaji usiku huohuo.