Gari mpya yenye kasoro: anza na maandishi

Ndugu yangu wa Chake Chake, umeuliza kama unaweza kumlazimisha mtengenezaji aichukue gari yako mpya, ambayo giaboksi yake imekwishatengenezwa mara tatu na bado inapiga kishindo ukipanda mlima. Ile sheria uliyoisoma, kwamba gari mpya ikikaa gereji siku 30 kwa kasoro mtengenezaji huibadilisha au hurejesha fedha, ni ya Marekani, ambako jimbo la Connecticut lilitangulia kuipitisha mwaka 1982. Hapa kwetu usiitegemee. Unayemdai kwanza ni muuzaji aliyekupa risiti na kitabu cha dhamana, kwa hiyo mwandikie barua, umtajie tarehe za kila tengenezo pamoja na kilomita zilizosomeka siku hiyo, umtake akubadilishie gari au akurejeshee fedha, na nakala yako aigonge muhuri wa kupokea. Mimi nilipoteza miezi minne kwa sababu fundi akiniambia "tayari, shekhe" bila ya kuniandikia chochote, na siku ya kudai sikuwa na ushahidi hata mmoja. Muuzaji akikataa, peleka malalamiko Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, ukiwa na karatasi zote hizo mkononi.