Dunia inainama au imeinama?

SWALI: Mimi ni mhariri wa vitabu vya ziada vya Jiografia kwa shule za msingi, niko Morogoro. Mwandishi wetu ameandika hivi: "Dunia inapoinama kuelekea jua huwa kiangazi, na inapoinama kwenda mbali na jua huwa kipupwe. Mizunguko hii ndiyo iliyobadilisha hali ya hewa ya dunia kwa maelfu ya miaka." Nilipendekeza "imeinama" badala ya "inainama", naye akasema ni kitu kimoja, nisimpotezee muda. Maneno kiangazi na kipupwe nayo yananitia wasiwasi, ila sijui niweke nini badala yake. Na mwisho, tuandike nyuzi au digrii?

JIBU: Kwenye "imeinama" haki ni yako, na mwandishi wako angefaa kupoteza muda kidogo hapo, maana kiambishi kimoja kimebeba somo zima.

Kuinama ni kitenzi cha mkao, wa ukoo mmoja na kusimama, kulala, kuegemea na kuchuchumaa. Vitenzi vya ukoo huu vikichukua -na- huonyesha mtu au kitu kikiingia katika mkao. Vikichukua -me- huonyesha kuwa mkao umekwisha kukaa na bado upo. "Basi linasimama" humfanya kondakta agonge bodi na abiria washike mizigo. "Basi limesimama" tayari watu wanashuka. Ukisema mnazi umeinama, umeeleza mti ambao upepo wa kusi umeusukuma miaka na miaka na bado unazaa nazi zake. Ukisema mnazi unainama, walio chini yake watakimbia.

Sasa tuirudie dunia. Mhimili wake, yaani mstari wa kufikirika unaopita katikati yake toka ncha hadi ncha, umeinama kwa nyuzi 23.4 hivi, na mwaka mzima huelekeza ncha yake ya kaskazini upande uleule wa anga, karibu na Nyota ya Kaskazini. Mwezi wa Juni uko hivyo, Desemba uko hivyohivyo. Kinachobadilika ni mahali dunia ilipo katika safari yake. Juni inakuwa upande ambao mlalo huo wa mhimili unakiweka kizio cha kaskazini (nusu ya dunia iliyo kaskazini ya ikweta) kikilielekea jua. Miezi sita baadaye imefika upande wa pili, imeinama vilevile kama mwanzo, na safari hii kizio cha kusini ndicho kinachopata jua zaidi. Hakuna mahali katika mwaka ambapo dunia huinama kisha ikainuka. Mtoto anayesoma "inapoinama" huchora dunia inayoinama Juni na kusimama wima Machi, na mwalimu humnyima alama kwa kosa alilolisoma kitabuni.

Jambo hili linaweza kuonekana uani. Simamisha kijiti cha mita moja Dar es Salaam, ukiangalie jua linapofika juu kabisa mchana. Mwishoni mwa Juni kivuli huangukia upande wa kusini, urefu wake kama sentimita 58. Mwishoni mwa Desemba huangukia kaskazini, nacho ni kifupi, kama sentimita 30. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua huwa la utosi na kijiti hakina kivuli cha kutajika. Ukiandika habari za kivuli hicho, hu- ndiyo inayofaa ("kivuli huhama"), kwa sababu ni mazoea yanayorudi kila mwaka. Kuhusu mhimili andika "umeinama". Viambishi viwili, kila kimoja na kazi yake, na mwanafunzi ataona mwenyewe kipi kinahama na kipi kimetulia.

"Kwenda mbali na jua" ningeifuta bila huruma. Msomaji huielewa kama umbali wa kilomita, kisha anahitimisha kuwa baridi hutokana na dunia kwenda mbali. Ukweli ni kinyume cha anavyotarajia: dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147 hivi, wakati Ulaya watu wanatetemeka, na mwanzoni mwa Julai huwa mbali zaidi, kilomita milioni 152 hivi, wakati hukohuko Ulaya wanatafuta kivuli. Tumia kuelekea na kuelekeana, uache kukaribia. "Kizio cha kaskazini kimelielekea jua" inatosha. Na hiyo -li- ya jua iache ibaki. Wapo wanaoandika "dunia inazunguka jua" na wanaeleweka, lakini kuzunguka peke yake pia ni kuzungukazunguka ovyo, nawe una vitendo viwili vya kutofautisha: dunia hujizungusha kwenye mhimili wake kwa siku moja, na hulizunguka jua kwa mwaka mmoja.

Kiangazi na kipupwe. Hapa wasiwasi wako una msingi kuliko ulivyodhani.

Mwandishi amechukua majira ya Ulaya akayavika majina ya kwetu, na majina yenyewe yana kazi nyingine. Kipupwe ni ubaridi wa Juni hadi Agosti, wakati kusi inavuma. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa mwelekeo wa msimu wa Kipupwe inazungumzia miezi hiyohiyo, ambayo Ulaya ni ya joto. Ukiandika "Juni ni kiangazi na Desemba ni kipupwe" mtoto wa Njombe, anayevaa sweta mbili kwenda shuleni mwezi wa Juni, ataamua kwamba Jiografia haimhusu. Kiangazi nacho hakitulii. Mwambao wengi hukitumia kwa joto la Desemba hadi Februari, kaskazi ikivuma; Dodoma na Singida ukitaja kiangazi watu wanafikiria miezi mikavu ya katikati ya mwaka, ambayo asubuhi zake ni za baridi kali. Kwa wengi wa bara kiangazi ni kinyume cha masika, yaani ukavu, na joto ni habari nyingine. Hii ni lugha ya watu wanaoishi karibu na ikweta, ambako mvua na upepo hugawa mwaka kuliko joto linavyougawa. Masika, vuli, kusi, kaskazi, demani: hakuna hata moja linalopimwa kwa kipimajoto.

Kwa hiyo kwa nchi za mbali andika majira ya joto na majira ya baridi, na ukihitaji yale mawili ya katikati, majira ya machipuko na majira ya mapukutiko yamekwisha kuzoeleka kwenye habari za Kiswahili zinazotangazwa kutoka Ulaya. Kiangazi, kipupwe, masika na vuli vibaki kwa yetu. Wako watakaokutolea kamusi zinazotafsiri kiangazi kuwa majira ya joto ya Ulaya. Kamusi hizo zipo, na kwa hadithi zinafaa. Kwa somo la mhimili wa dunia zinavuruga.

Sasa nimtetee mwandishi wako kidogo. Sentensi yake ya pili inaruka kutoka miezi hadi maelfu ya miaka, na huko "unainama" inaanza kupata uhai.

Mlalo wa mhimili haukai nyuzi 23.4 milele. Hupanda na kushuka kati ya 22.1 na 24.5, kwenda na kurudi, kwa miaka 41,000 hivi. Miaka 10,000 na kitu iliyopita ulikuwa umeinama zaidi, nyuzi 24.2 hivi, na tangu hapo unainuka. Sikukosea: kwa vipimo vya milenia mhimili leo unainuka, polepole kiasi kwamba maisha ya mtu hayatoshi kuuona. Kwa hiyo sentensi "mhimili umeinama, na unainuka" haina mgongano wowote. -me- inaeleza mkao, -na- inaeleza mwendo, na Kiswahili kinaviweka pamoja bila kuomba maneno ya ziada.

Mhimili vilevile huyumba. Pia ya kuchezea ya mtoto, ile inayozungushwa chini, ikianza kuchoka, kichwa chake huzunguka taratibu huku yenyewe ikiendelea kujizungusha. Ndivyo dunia inavyofanya, na ncha ya mhimili huchora duara angani kwa miaka 26,000 hivi. Miaka 12,000 hivi ijayo nyota angavu iliyo jirani na ncha ya kaskazini ya anga itakuwa Vega. Tena njia yenyewe ya dunia kulizunguka jua, ambayo ni duaradufu, yaani duara lililorefuka kidogo, hurefuka na kuviringika kwa duru ya miaka 100,000 hivi. Kwa sasa inaviringika. Wataalamu huiita obiti. Nalo ni neno zuri, lakini kwa watoto "njia ya dunia" inatosha.

Aliyeyaunganisha haya kwa hesabu ni Mserbia, Milutin Milanković (1879–1958), mhandisi aliyehamia kwenye hisabati. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta upande wa adui, akawekwa kizuizini, kisha akaruhusiwa kukaa Budapest na kutumia maktaba. Akaendelea na hesabu zake. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1941. Hoja yake ilihusu majira ya joto ya nchi za kaskazini ya mbali. Mhimili ukiwa umeinama kidogo, na majira hayo yakiangukia wakati dunia iko mbali na jua, joto halitoshi: theluji ya mwaka jana haijaisha, ya mwaka huu inaikuta. Ikirundikana hivyo kwa maelfu ya miaka inakuwa barafu ya kufunika nchi. Wengi hawakumsadiki hadi mwaka 1976, pale wanasayansi Hays, Imbrie na Shackleton walipozikuta duru hizo ndani ya mashapo yaliyochimbwa chini ya Bahari ya Hindi, upande wa kusini kabisa.

Afrika ina ushahidi wake. Miaka 10,000 hivi iliyopita dunia ilikuwa karibu zaidi na jua katikati ya mwaka, wakati wa majira ya joto ya kaskazini, tofauti na sasa ambapo ukaribu huo unaangukia Januari. Jua la majira hayo lilikuwa kali kwa asilimia 7 au 8 kuliko la leo, nchi kavu ikapata joto zaidi, pepo za mvua zikavutwa mbali zaidi kuingia bara. Sahara ilikuwa imeota nyasi. Ziwa Chad lilikuwa kubwa mara nyingi kuliko lilivyo, Ziwa Turkana lilijaa hadi likafurika kuelekea bonde la Nile, na kwenye miamba ya Tassili n'Ajjer, Algeria, bado kuna picha za ng'ombe zilizochorwa mahali ambapo leo ng'ombe hamalizi wiki. Ukijani huo ulikwisha kama miaka 5,000 iliyopita. Angalia tena vitenzi: "ilikuwa imeota" ni hali iliyodumu, "ulikwisha" ni tukio. Mwandishi wako akiandika "Sahara iliota nyasi", itasikika kama mvua za wiki mbili.

Ndiyo maana "mizunguko hii" haifai kwenye sentensi yake. Mzunguko upi? Wa siku, wa mwaka, au wa miaka 41,000? Neno moja limebebeshwa mitatu. Mimi huacha mzunguko kwa siku na mwaka, na kwa marudio ya muda mrefu huandika duru. Neno hilo wasomaji wanalo tayari kutoka kwenye uchaguzi na mashindano.

Na "hali ya hewa" hapo iwe tabianchi. Hali ya hewa ni ya leo na wiki ijayo. Tabianchi ni mwenendo wa muda mrefu, ambao Shirika la Hali ya Hewa Duniani huupimia kwa wastani wa miaka 30. Kenya utasikia pia "hali ya anga", na msomaji wa huko atakuelewa kwa yote mawili. Tahadhari moja tu: "mabadiliko ya tabianchi" siku hizi humaanisha ongezeko la joto linalotokana na moshi wa makaa, mafuta na gesi, linaloonekana ndani ya miongo michache. Duru za Milanković haziwezi kulieleza, zina mwendo wa kinyonga mno. Ukizungumzia zile za kale, ongeza "ya asili" au "ya kale", vinginevyo mtu atakunukuu kwamba joto la leo ni kazi ya mhimili.

Kwa jumla ningeandika: "Mhimili wa dunia umeinama. Dunia inapolizunguka jua, Juni kizio cha kaskazini huwa kimelielekea jua na huko ni majira ya joto. Desemba ni zamu ya kizio cha kusini. Kwa maelfu ya miaka mlalo huo huongezeka na kupungua, mhimili huyumba, na njia ya dunia hubadilika umbo. Duru hizi ndizo zilizoibadilisha tabianchi ya kale."

Nyuzi na digrii zote ni sahihi. Kwa wingi mimi hupenda nyuzi, iwe ya pembe au ya joto. Tatizo ni umoja: "uzi 1" msomaji ataona sindano, kwa hiyo hapo andika digrii 1. Ikiwa kitabu chako kina namba ndogondogo nyingi, tumia digrii tangu ukurasa wa kwanza, usichanganye.