Muulize Fundi: Kava limepasuka, stepla ya moto itashika?

Safari hii maswali ya plastiki yamekuja mengi, ya maboda, ya wakulima wa korosho na wa baharini pia, na karibu wote mnauliza kuhusu ile stepla ya moto ambayo mafundi wa mabampa wanatembea nayo sa hivi. La kwanza nimelijibu kwa kirefu maana humo ndo kuna msingi wa mengine yote, kwaiyo hata kama swali lako ni la chini anzia hapa.

Fundi shikamoo. Mi ni boda hapa Masasi. Pikipiki yangu madigadi ya mbele imepasuka, na kava la pembeni lina ufa umeanzia kwenye tundu la bolti, kila nikipita njia ya mawe unaongezeka. Supa gluu nimeweka inaachia, nikatoboa nikashona na waya, waya nao unakata plastiki. Kuna jamaa kasema ipo stepla inaingiza pini ya moto ndani ya plastiki. Inashika kweli au ndo yale yale? Na nikinunua yangu si itanilipa, maana kijiweni kwetu kila mtu kava lake limepasuka?
*Boda wa Masasi*

Marahaba mdogo wangu. Inashika, tena kwa kava na madigadi mi sioni njia ya nyumbani inayoizidi, ila inategemea umeandaa vipi huo ufa kabla ya kubonyeza swichi, na hapo ndo wengi wanaharibu.

Kifaa chenyewe kina umbo la bastola, ndani kuna transfoma inayoshusha umeme wa ukutani kuwa volti ndogo sana yenye ampia nyingi, na mbele kuna ncha mbili. Unachomeka pini ya chuma iliyokunjwa mawimbi au herufi S, unabonyeza, pini inakuwa nyekundu ndani ya sekunde chache, unaikandamiza taratibu ikiwa imekatiza ufa na plastiki inayeyuka inaimeza. Sasa sikiliza hapa, ukiona imezama achia swichi lakini mkono usitoe, shikilia hivyo hivyo sekunde kadhaa mpaka plastiki igande, ndo uvute bastola. Ukivuta mapema pini inakuja nayo au inakaa legelege, na pini legelege haina kazi. Miguu miwili inayobaki imesimama unaikata na plaizi ya kukatia waya. Yale makunjo ndo yanayoizuia isichomoke, pini iliyonyooka ingeteleza tu ikatoka, hii imekaa mle ndani kama nondo kwenye zege.

Supa gluu imekugomea kwa sababu kava nyingi ni za aina ya plastiki inayoitwa PP, na PP na ndugu yake PE hazishikani na gluu za kawaida, hata ukisugua msasa mpaka jioni. Geuza kava lako uangalie kwa ndani, mara nyingi kuna herufi za aina ya plastiki zimegongwa katikati ya mishale, >PP< au >ABS<, wakati mwingine >PP-TD20< maana yake PP iliyochanganywa unga wa talki asilimia 20. Kama hakuna herufi, kwangua kipande kidogo upande usioonekana, kitumbukize kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni. PP na PE zinaelea, ABS na nailoni zinazama. Maji yawe ya kunywa, we uko Masasi huna shida ila wa Mikindani na Kilwa wasitumie ya bahari, maji ya chumvi ni mazito na ABS inazidi uzito wake kidogo sana, utadanganyika. Na ile ya talki inaweza kuzama japo ni PP, ndo maana nasema herufi kwanza, glasi baadae.

Haya, kazi yenyewe. Osha kava kwa sabuni, toa vumbi na oili yote, kausha. Tafuta mwisho wa ufa, ule kabisa ambapo jicho linapoteza mstari, hapo toboa katundu ka milimita 2 au 3. Watu wanaruka hii hatua af wanalaumu pini. Ncha ya ufa ni kali, nguvu zote za mtikisiko zinakusanyika pale na kuupasua uendelee, ukiweka tundu la duara nguvu inasambaa na ufa unasimama. Kwa hilo kava lako lenye ufa kutoka kwenye bolti hii ndo dawa kubwa kuliko pini zenyewe, na ile bolti usiikaze mpaka kava lilie, weka washa ya mpira.

Kisha bana pande mbili zikae sawa, kwa nje funga selotepu isije ikahama, pini unapiga kwa ndani ili uso wa nje ubaki msafi. Anza moja karibu na mwisho wa ufa, moja upande wa pili, moja katikati, af ndo ujaze, kati ya pini na pini sentimita 1 mpaka 2 inatosha. Usizijaze kama uzio, kila pini inachoma plastiki kidogo na ukizibananisha umetengeneza mstari mpya wa kupasukia. Kina kiwe nusu ya unene au kizidi kidogo tu, ikitokea upande wa pili umeshatoboa. Pini nyembamba za milimita 0.6 ni za kava jembamba, za 0.8 ni za bampa na vitu vinene, na zipo zilizokunjwa kona kwa ajili ya pembeni. Plastiki ikiwa nyembamba kabisa achana nayo, moto utapita.

Umemaliza? Hapana. Pini zimeshika lakini ufa bado uko wazi, maji na mchanga vitaingia. Chimba kamfereji ka V juu ya ufa, yeyusha ndani yake plastiki ya aina ile ile, tena ifunike na pini zenyewe. Kwa PP kiti cha plastiki kilichovunjika chenye namba 5 kwenye ile pembetatu ya mishale kinafaa sana, kata vipande vyembamba. Dumu usilitumie kwa PP, madumu mengi ni PE ya namba 2 na hizo mbili hazishikamani vizuri zikiyeyushwa pamoja. Kama kava ni ABS una bahati, loweka vumbi lake kwenye asetoni mpaka liwe uji mzito, paka, acha mpaka kesho yake.

Kuhusu kununua yako, kwa kijiwe kizima itarudisha hela, ila nunua na pini za stenlesi za kutosha maana bastola inakaa, pini ndo zinaisha. Na fanya kazi nje, upepo ukupige mgongoni upeleke moshi mbali nawe, moshi wa ABS sio wa kuvuta na wa PVC ni mbaya zaidi, unatoa tindikali. Mabomba ya PVC yana gundi yake, usiyapige stepla.

Kitu kimoja nakukatalia kabla hujauliza: helmeti. Ikipasuka nunua nyingine, yako na ya abiria. Ile kofia inakuokoa kwa kusagika yenyewe pamoja na povu la ndani, ikishasagika haina akiba, na pini haiurudishi huo uwezo. Nimeona zimeshonwa vizuri zinapendeza na naumia kila nikiziona, maana mtu amekaa nyuma ya boda anaamini kichwa chake kiko salama.

Fundi habari za kazi. Niko Tandahimba, mashine yetu ya kupulizia salfa tanki limepata ufa ubavuni na msimu wa ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, hausubiri. Kijana wangu ana hiyo stepla, anataka kulipiga pini leo jioni. Nimruhusu?
*Mama Mkorosho*

Nzuri mama yangu. Asipige leo jioni, naomba umzuie kwanza.

Salfa inashika moto kirahisi sana, na pini ile inakuwa nyekundu. Unga uliobaki kwenye kona za tanki ukiguswa unawaka kimya kimya na kutoa gesi inayokaba kifua papo hapo. Juu ya hapo mashine hiyo hiyo ina tanki la petroli pembeni, kwaiyo unakuta moto, salfa na petroli vipo kwenye fremu moja. Afungue tanki la salfa litoke kabisa, litengenezwe mbali na mashine. Alikung'ute, alioshe kwa maji mengi na sabuni ndani na nje, arudie mpaka maji yatoke meupe, mbali na kisima na mbali na mahali kuku wanapokula, kisha likae juani mpaka likauke kila kona. Kama liliwahi kutiwa viuatilifu vya maji ndo uoshaji uzidi.

Baada ya hapo ubavuni ruksa. Tundu mwisho wa ufa, pini, kisha afunike kwa plastiki. Matanki mengi ya aina hiyo ni PE, basi hapa ndo dumu la namba 2 linafaa. Kwa unga mshono huo utafanya kazi vizuri. Kwa dawa ya maji ni tofauti, feni inasukuma hewa ndani ya tanki, penye uwazi kidogo tu patavuja, na kinachovuja kinashuka mgongoni kwa mpuliziaji. Ajaribu na maji matupu kwanza. Na kama ufa umekatiza zile meno za kifuniko, nunua tanki jipya mama, hapo hapashoneki. Tanki la petroli likipasuka hakuna kulitengeneza kwa moto, hata likiwa tupu mvuke umo ndani.

Boksi la barafu la mtumbwini limepasuka, nimelipiga pini za stepla ya ofisini kwa kuzichoma na solda. Zilishika ila sasa zina kutu na plastiki inafutuka. Na pia boti letu la faiba lina ufa, naweza kutumia njia hiyo hiyo?
*Mvuvi, Kilwa Masoko*

Njia yako ya solda ni sahihi na wasio na bastola waige, unalaza pini juu ya ufa na kuikandamiza kwa ncha ya solda mpaka izame, usiichome pembeni na kuishika na plaizi maana inapoa kabla haijafika. Tatizo ni chuma chenyewe. Pini za ofisini ni chuma cha kawaida, kwa chumvi ya pwani kinaota kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo ndo maana plastiki inafutuka. Zitoe zote, weka waya wa stenlesi uukunje mwenyewe S, af funika kwa plastiki isibaki hata ncha inaonekana.

Boti la faiba hapana. Ile resini ikishaganda haiyeyuki tena, ukiweka moto inaungua inakuwa makaa, pini haina pa kushika. Hiyo inataka kusagwa mpaka ipatikane sehemu nzima, ikauke kabisa, kisha kitambaa cha faiba na resini mpya tabaka kwa tabaka, na kila tabaka la juu liwe pana kuliko la chini.

Fundi, ndoo na beseni je? *Newala*

Ndoo ya maji ya kunywa iliyopasuka chini mi singeipiga pini, pini inashika ila haizuii maji. Yeyusha kipande cha plastiki ya aina moja kwa solda, ndani na nje. Kama imekuwa nyeupe nyeupe na ukiikunja inavunjika basi jua limeshaila, kila utakapogusa moto itapasuka pembeni, weka mchanga au panda mchicha.