Chuma mbele, viwiko juu: maswali yenu kuhusu skwati

Wiki chache zilizopita niligusia hapa, kwa sentensi mbili tu, kwamba nikilazimishwa kuacha mazoezi yote ya miguu nibakishe moja, nitabakisha skwati ya mbele. Sentensi hizo mbili zimeniletea maswali mengi kuliko makala nzima nilizotokwa jasho kuziandika. Nimechagua yanayojirudia. Kwa asiyezijua: katika skwati ya nyuma chuma hulala mgongoni, chini ya shingo, katika ya mbele hukaa juu ya mabega upande wa kifuani, karibu na koo, nawe unachuchumaa nacho hapo.

Shikamoo kocha. Skwati ya nyuma nafanya kilo 100 mara tano bila wasiwasi. Juzi niliweka 80 mbele, mara ya pili tu nikakunjika kama jamvi. Ina maana miguu yangu ni dhaifu?

Marahaba. Miguu yako haina kosa. Kilichokuangusha ni mgongo wa juu, na pengine haraka.

Chuma kikiwa mgongoni una ruhusa ya kuinama kidogo: nyonga zinarudi nyuma, makalio na mgongo wa chini vinabeba sehemu yao ya kazi. Kikiwa mbele, ruhusa hiyo imefutwa. Ukiinama kinaporomoka. Kwa hiyo kiwiliwili hulazimika kusimama wima, magoti yanakwenda mbele zaidi, kazi inahamia kwenye misuli ya mbele ya paja, na misuli iliyo katikati ya mabega inakesha kuzuia chuma kisikuvute chini. Misuli hiyo ndiyo huchoka kwanza, miguu ikiwa bado ina akiba.

Waliozoea skwati zote mbili kwa kawaida hubeba mbele asilimia 70 hadi 85 ya wanachobeba nyuma. Kwa hiyo 80 kwa 100 si uzito wa ajabu kwa mzoefu. Kwa mtu wa wiki ya kwanza ni tamaa. Anza na chuma kitupu (cha wanaume kina kilo 20, cha wanawake 15), ongeza kilo mbili na nusu au tano kila wiki, na siku viwiko vikianza kushuka, simama hapo hapo. Najua agizo hili ni chungu. Nimewaona watu wazima wakitazama kushoto na kulia kabla ya kushika chuma kisicho na sahani za uzito.

Na hapa ndipo mapenzi yangu kwa skwati ya mbele yanapoanzia. Ya nyuma ina sitara: ukikosea huko chini unajipinda, unasukuma kwa kiuno, unamaliza, na mwenzako anakupigia makofi. Ya mbele humwanika mtu pale pale. Nimejifunza makosa yangu mengi zaidi nikiwa na kilo 60 mbele kuliko nikiwa na 140 mgongoni.

Vifundo vya mikono vinaniuma hadi kesho yake nashindwa kufungua chupa ya maji. Naambiwa nivumilie, vitazoea. Ni kweli?

Aliyekuambia hivyo alikuwa na nia njema, lakini usimsikilize. Vinauma kwa sababu unabeba chuma kwa mikono, na skwati ya mbele haibebwi kwa mikono.

Jaribu hivi ukiwa na chuma kitupu kwenye stendi. Nyoosha mikono yote miwili mbele kama mtu anayetembea usingizini. Sukuma mabega mbele na kuyainua kidogo. Utaona kibonde kimejitokeza kati ya msuli wa bega na mtulinga. Ingia chini ya chuma, kilaze ndani ya kibonde hicho, kikiligusa koo kwa mbali. Simama. Usikishike. Chuchumaa mara tano mikono ikiwa imenyooka vivyo hivyo. Kikibingirika, bado hujakipatia mahali pake. Kikitulia, tayari umejifunza nusu ya skwati ya mbele, na sijatania. Wanaokuja kwangu huanza hivi, hata wale wanaojiita wazoefu, hasa hao.

Mikono hurudi baadaye, na kazi yake ni ulinzi tu. Weka vidole viwili au vitatu chini ya chuma, nje kidogo ya mabega. Kiganja kibaki wazi. Halafu viwiko juu, vitazame ukuta ulio mbele yako na si sakafu. Ukifumba ngumi kukizunguka chuma, kiwiko kitashuka na kifundo kitakunjwa kinyume, na maumivu yako yatarudi.

Kuna wanaofanya yote hayo na bado viwiko havipandi. Mara nyingi wanakinyoosha kifundo usiku na mchana kumbe kizuizi kipo kwingine: misuli mipana ya ubavuni, chini ya kwapa, na ile ya nyuma ya mkono wa juu. Ikikaza hiyo, kifundo ndicho kinacholipa deni lisilo lake. Piga magoti mbele ya benchi, weka viwiko juu yake, shika fimbo kwa mikono miwili, kisha zamisha kifua taratibu kuelekea sakafuni. Dakika mbili kabla ya zoezi. Panua na mshiko kwa upana wa kidole kimoja kila upande, uone kama kuna nafuu.

Wapo pia ambao mkono wao wa mbele ni mrefu ukilinganisha na wa juu. Hao mfupa umeshaamua, hakuna kunyoosha kutakakoupunguza. Wafunge mikanda miwili kwenye chuma, upana wa mabega, waishike kwa juu yake vidole gumba vikielekea nyuma. Njia nyingine ni kukingamanisha mikono, kila kiganja juu ya bega la upande wa pili. Mimi naipenda mikanda zaidi. Mikono ikikingama bega moja hupanda kuliko jingine, na viwiko hushuka mtu asitambue. Anayelazimika kung'ang'ania mshiko wa vidole ni mnyanyua vyuma wa Olimpiki, kwa sababu chuma chake hutoka sakafuni na kumfikia mabegani kwa kasi, na lazima akipokee hivyo. Wewe kama hushindani, tumia mikanda hadi uzeeni.

Kuvutika kwa misuli ni kawaida. Maumivu makali kama ya kuchomwa, au vidole kufa ganzi, si kawaida. Acha na umwone mtaalamu wa viungo.

Chuma kinanikaba. Jana niliona nyota.

Kugusa koo ni sawa, kukaba si sawa. Vuta kichwa nyuma kidogo kama mtu anayekwepa busu, kidevu kikipanda nywele mbili tatu, na mabega yabaki yamesukumwa mbele ili yabebe chuma yenyewe na kukiachia kikoromeo nafasi. Nyota huja kwa sababu mbili: chuma kubana mishipa ya damu ya shingoni, na kuzuia pumzi kupita kiasi. Vuta pumzi ukiwa juu, ibane unaposhuka, itoe unapokaribia kusimama, kisha vuta nyingine kabla ya kushuka tena. Ukiona nyota, rudisha chuma kwenye stendi papo hapo. Usiseme "nimalizie moja".

Niliwahi kuambiwa magoti yasipite vidole vya miguu. Kwenye skwati ya mbele yanapita. Nani mkweli?

Agizo hilo limesambaa kuliko lilivyostahili. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti mdogo wa wanaume saba waliochuchumaa na chuma kwa njia mbili, kwanza magoti yakiwa huru, kisha yakiwa yamezuiwa yasivuke vidole. Yalipozuiwa, nguvu ya kukunja kwenye goti ilipungua kwa karibu moja ya tano. Kwenye nyonga ilipanda zaidi ya mara kumi, maana mwili ulilazimika kuinama. Mzigo haukuondoka, ulihamia jirani.

Utafiti mwingine, wa 2009, ulilinganisha skwati hizi mbili kwa watu 15 wenye mazoezi. Misuli ilifanya kazi kwa kiwango kinachokaribiana, lakini goti lilibanwa kidogo zaidi katika skwati ya nyuma. Sehemu ya siri ni kwamba mbele unabeba uzito mdogo zaidi. Saba na 15 ni watu wachache, sitakuapia kwa hesabu hizo. Ila zinalingana na ninachokiona kila siku.

Angalia mambo mawili: kisigino kisiondoke chini, na goti lifuate upande vinakoelekea vidole, lisiangukie ndani. Kama aliyekukataza alikupima goti lenyewe kwa jeraha fulani, msikilize yeye, si mimi.

Visigino vyangu vinainuka kila nikishuka.

Vua viatu, simama ukitazama ukuta, kidole gumba cha mguu kikiwa sentimita 10 kutoka ukutani. Sukuma goti liguse ukuta bila kuinua kisigino. Likifika, kifundo chako cha mguu kiko sawa na tatizo ni uzito kukaa vidoleni. Usambaze kwenye wayo mzima. Lisipofika, kifundo kimekaza. Kinyooshe kwa majuma kadhaa, na wakati huo huo weka sahani nyembamba chini ya visigino au vaa viatu vya kunyanyulia vyenye kisigino kigumu cha sentimita mbili hivi. Huo si udanganyifu, wanyanyuaji wa Olimpiki huvivaa kila siku. Viatu vya kukimbilia viache nje: soli yake laini ni sawa na kuchuchumaa juu ya godoro.

Kaka, nikikwama chini nifanyeje? Naogopa sana.

Dada yangu, woga huo ni wa akili, utumie. Ukikwama, shusha viwiko, achia chuma kianguke mbele, nawe ruka nyuma. Fanya mazoezi ya kukiangusha kikiwa chepesi, kabla hujakihitaji. Kama mahali unapofanyia hapafai kuangushia vyuma, panga nondo za usalama za stendi chini kidogo ya pale unapofika ukichuchumaa, chuma kilalie hapo.

Usijaribu kukiokoa kwa kujikunja. Mimi nilijaribu, miaka mingi imepita: kiwiko kikagonga goti, uzito wote ukaishia kwenye kifundo cha mkono, nikawa nasalimia watu kwa mkono wa kushoto kwa majuma matatu na kumweleza kila mmoja kwa nini.

Mashine yenye reli inafaa?

Inafaa kwa miguu. Kukufundisha skwati ya mbele, hapana. Reli inakushikia kile kile unachotakiwa kujifunza kukishika.

Basi niache kabisa skwati ya nyuma?

Sikusema hivyo, ingawa naona wengi mlinielewa hivyo. Anayeshindana pawalifti, mchezo wa kubeba uzito mkubwa kabisa, hana hiari, skwati ya mashindano yao ni ya nyuma. Mnyanyua vyuma wa Olimpiki hufanya zote. Sisi tuliobaki tuna uhuru. Ningekuwa na siku mbili za miguu kwa wiki, moja ningefanya ya mbele, seti (mizunguko yenye mapumziko katikati) nne au tano za mara tatu hadi tano, nyingine ya nyuma, seti tatu za mara sita hadi nane. Ya mbele haipendi seti ndefu. Ikifika mara ya nane mgongo wa juu na pumzi vimekwisha, miguu inasubiri tu.

Ukiamua kubaki na ya mbele pekee, ongeza zoezi la kunyanyua chuma kutoka sakafuni, kwa sababu nyonga na nyuma ya paja zitapata kazi pungufu. Na kuna watu ambao ya mbele ni mkombozi wao: wale ambao bega halikubali kuzunguka nyuma kushika chuma cha mgongoni. Kama ni wewe, usipoteze mwaka ukilazimisha.

Mwanangu, nina miaka 61 na sijawahi kushika chuma. Skwati hizi ni za vijana peke yao?

Shikamoo mama. Si za vijana peke yao, ila chuma kirefu kiache kwanza. Chukua dambeli moja ya kilo tano, isimamishe wima, ishike kifuani kwa viganja viwili kama bakuli la uji wa moto, viwiko chini. Weka kiti nyuma yako, keti taratibu, simama. Hiyo ndiyo skwati ya mbele katika umbo lake la upole. Kocha Mmarekani Dan John ndiye aliyeipa umaarufu, na mimi huwapa hata vijana wenye vifua vya chuma. Kama una shinikizo la damu, zungumza na daktari kabla, na usibane pumzi kabisa, kwa kuwa kuibana hupandisha shinikizo. Itoe polepole unapoinuka.

Mara nane, pumzika, rudia mara mbili. Siku tatu kwa wiki. Kiti kikianza kuonekana kirefu mno, tafuta kifupi. Ukifika kilo 12 bila kukigusa kiti, niandikie tena, tutazungumza habari za chuma kitupu.