Mpe Mhusika Wako Deni: Niliyojifunza kwa Plácido

Filamu yetu fupi imechaguliwa kuonyeshwa kwenye tamasha, na tangu nitangaze habari hiyo simu haijatulia. Ujumbe ulionigusa zaidi ni wa kijana mmoja: "Kaka, nifanyeje niandike vichekesho vyenye uzito bila kuhubiri?" Najua wengi mnaonisoma mna kiu hiyohiyo. Mnataka watu wacheke, kisha walale wakiwaza. Jibu langu ni hili: tafuteni Plácido.

Ni filamu ya Hispania ya mwaka 1961, nyeusi na nyeupe, na huku kwetu sijawahi kusikia mtu akiitaja. Aliyeiongoza ni Luis García Berlanga, na hadithi aliiandika na Rafael Azcona pamoja na wenzao wawili. Ni mkesha wa Krismasi katika mji mdogo. Kina mama wa tabaka la juu wameandaa hisani: kila familia yenye uwezo imkaribishe maskini mmoja mezani usiku huo. Kampuni ya sufuria inadhamini. Wasanii wameletwa kwa treni kutoka Madrid, na matajiri wanapigiana dau kugombea nani atakula na msanii yupi.

Katikati ya shamrashamra hizo yupo Plácido, mwenye pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, kama guta zetu za Kariakoo. Wameikodi kwa maandamano na kuifunga nyota kubwa juu. Lakini awamu ya kwanza ya mkopo wa pikipiki hiyo inatakiwa kulipwa leo. Mkewe anatunza choo cha umma, na familia inashinda humo. Plácido anaomba alipwe chake akalipe awamu hiyo. Kila mtu anamwambia ngoja kidogo. Quintanilla, mratibu wa shughuli (José Luis López Vázquez, anayeigiza na mafua mwanzo mwisho), anamwahidi kumsaidia, halafu anamtuma tena mahali pengine.

Baadaye maskini mmoja anazidiwa nyumbani kwa wenyeji wake. Wanapogundua kwamba anaishi na mwanamke bila ndoa, wanahangaika kumfungisha ndoa palepale kitandani kabla hajakata roho. Anakufa. Na maiti inarudishwa kwake kwa chombo gani? Kwa pikipiki ya Plácido, ambaye bado anauliza habari ya hela yake. Nilicheka nikaona aibu kucheka.

Nilipoitazama mara ya kwanza nilikuwa na kidonda. Mtayarishaji mmoja alikuwa amenirudishia muswada baada ya kufunua kurasa za mwanzo tu. Aliniambia watu wanataka mtu ateleze, aanguke, avae nguo za kike, basi. Maneno yale bado yananiuma. Kumbe Berlanga alikuwa amejibu hoja hiyo kabla sijazaliwa. Hakuna anayeteleza kwenye Plácido. Kichekesho chote kinatoka kwenye haraka: kila mtu ana yake, wote wanaongea kwa wakati mmoja, kamera inawafuata bila kukatakata, na mwenye shida halisi hasikilizwi.

Nikaandika upya. Mhusika wangu akawa dereva wa bodaboda anayedaiwa hesabu na bosi kabla ya jioni, na kamati ya msiba imemkodi kubeba viti, maturubai na wajumbe wake. Hayo ndiyo yaliyotufikisha kwenye tamasha, na ninajivunia kila ukurasa.

Basi ushauri wangu. Mpe mhusika deni. Liwekee deni hilo saa ya mwisho. Usimwache apumzike. Ukikwama katikati ya hadithi, rudi kwenye deni: nani anamdai, saa ngapi, na nani anamchelewesha kwa nia njema? Hiyo nia njema izingatieni sana. Wale kina mama wa Plácido hawajioni wabaya hata kidogo. Wanaamini wanatenda wema. Ukimfanya tajiri wako shetani, mtazamaji atamchukia na kujiona yeye msafi. Ukimfanya mwema asiyesikia, mtazamaji atajiuliza ni nani ambaye yeye mwenyewe alimwambia "ngoja kidogo" asubuhi hiyo.

Na acheni kusingizia bodi ya ukaguzi wa filamu kila mara. Berlanga alifanya kazi chini ya utawala wa Franco, dikteta wa Hispania. Jina alilolitaka kwanza, Siente un pobre a su mesa, yaani "Mkaribishe maskini mezani pako", lilikataliwa na wakaguzi. Akaipa filamu jina la mwenye pikipiki, na yote aliyotaka kusema yakabaki ndani. Hispania yenyewe ikaipeleka kwenye Oscar, ikawania tuzo ya filamu bora ya lugha ya kigeni, ingawa ilishinda filamu ya Msweden Ingmar Bergman. Wewe unayeogopa kuandika habari za mwenyekiti wa mtaa una sababu gani?

Ukimaliza hiyo, tazama El verdugo ya 1963, ya Berlanga na Azcona tena: kijana anakubali kazi ya unyongaji ili familia isikose nyumba. Deni jingine hilo. Kisha kaa uandike. Kurasa kumi za mwanzo nitumieni, nitazisoma zote.